Pakanga na Sufu Mama

Jumatatu, Julai 29

Nimepanda paa na hasira, nimeshuka na hasira ileile. Mtu aliyeamua chombo kikae juu ya paa la kituo cha hali ya hewa hakuwa na magoti. Lakini lazima kivute hewa inayotoka mbali, si vumbi la kwato za mbuzi mlangoni, kwa hiyo napanda. Kila Jumatatu natoa ngoma iliyokwisha zunguka na kuweka nyingine. Ngoma yenyewe ni ndogo kama kopo la maziwa, imezungushiwa tepi iliyopakwa grisi, na saa iliyomo ndani huizungusha polepole juma zima mbele ya tundu. Hewa inaingia, chavua inanasa, halafu mimi nakaa na hadubini kuhesabu.

Chavua za kila namna zinanasa, ila mbili ndizo zinazoninyima raha: pakanga na magugu ya chumvi. Pakanga, kichaka kichungu cha nyika, ndiyo inayowapa kondoo wetu mafuta ya kuvukia baridi. Ikizidi ya pakanga, bonde la Shar Tal bado ni malisho. Ikizidi ya chumvi, jangwa limeshakaa kitako. Miaka miwili mfululizo imezidi chumvi. Mkoa umetangaza kwamba ikizidi na mwaka huu, bonde litafungwa miaka kumi na wafugaji watahamishiwa kaskazini, huko wapewe malisho ya wageni na nyasi kavu za majira ya baridi.

Kaka yangu Dashnyam ana miaka sitini na mitatu. Zizi lake la mawe lilijengwa na babu yetu. Mkutanoni alisimama akasema bonde linapumua, wanaosema limekufa waende wakaulize kondoo wake. Watu walicheka wakanitazama mimi.

Alhamisi, Agosti 1

Upepo. Nimefagia mara tatu, sijui nafagia nini.

Jumatatu, Agosti 5

Tepi ya juma lililopita: kwa kila pakanga moja, chumvi karibu mbili. Nimehesabu tena kwa sababu ya kaka. Zilezile.

Jumapili, Agosti 11

Nilikwenda kwa kaka kunywa chai. Wifi yangu Baljid alinipokea mlangoni na donge kavu la maziwa yaliyochachuka mkononi.

"Mmepokea vuli kwa amani?" nikauliza kama inavyopasa majira ya joto yanapoisha. "Mifugo imenona?"

"Kwa amani. Imenona," akajibu kaka kutoka ndani.

Kwetu ndivyo inavyojibiwa, hata kama mbuzi wa mwisho amekufa asubuhi hiyo. Kwanza unasema kheri, unakunywa bakuli la kwanza, la pili, ndipo msiba unatolewa polepole. Nilingoja bakuli la tatu. Hakikutolewa kitu.

Wanakondoo wake niliwaona kwa mbali wanarudi. Wana mikia mipana, wanatembea kwa uzito. Nilishangaa, maana bonde lenyewe nililopitia kuja lilikuwa changarawe na vichaka vya chumvi hadi vifundoni.

"Kaka, hawa wanakula nini?"

"Wanakula bonde," akasema. "Wewe unalitazama kwa kioo, wao wanalitazama kwa meno."

Wifi alicheka, kisha akaacha ghafla akaenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Jumatatu, Agosti 12

Chumvi imezidi. Kidogo kuliko juma lile.

Jumamosi, Agosti 17

Mvua. Mvua ya kweli, ya kulowanisha mtu. Nilisimama uani kama kichaa nikaacha initeremkie. Baljid alipiga simu kuniuliza kama na huku imefika. Nikamwambia imefika, nimelowa mpaka soksi. Akasema, "Basi andika, wifi, usije ukasahau kuandika hiyo." Utani, lakini sauti yake haikuwa ya utani.

Jumatatu, Agosti 26

Pakanga inapanda. Mvua ile imeamsha iliyokuwa imelala, na sasa inachanua. Juma hili zimekwenda sambamba, nusu kwa nusu. Nimejumlisha tangu mwanzo wa msimu: chumvi bado mbele, lakini pengo limepungua sana. Msimu wa hesabu unafungwa Jumatatu ya tarehe kumi na sita. Majuma matatu yakija vizuri, bonde limepona.

Sijamwambia mtu. Nimekula maandazi sita kwa furaha, na sasa tumbo linaniuma.

Jumatano, Agosti 28

Baljid amekuja na pikipiki. Wamekwisha nyoa wanakondoo na anataka kushindilia sufu mwezi ujao iwe kitambaa kizito cha kufunikia hema, maana hema lao linavuja. Anaomba kufanyia hapa kituoni, kwa sababu ukuta wetu unakinga upepo na kisima chetu kina pampu.

"Mtu anayehamishwa hatengenezi hema jipya," nilimwambia.

"Ndiyo maana tunatengeneza," akasema.

Nikakubali. Nilifurahi mno, nikaona kuwa kaka ana imani na bonde kuliko mimi.

Jumatatu, Septemba 2

Sambamba tena, chumvi ikizidi kwa unywele. Upepo wa kaskazini-magharibi. Nina wasiwasi hata wa kupiga chafya karibu na tepi.

Ijumaa, Septemba 6

Siku ya sufu. Walikuja alfajiri na magunia ya sufu ya wanakondoo na fimbo nyembamba za kupigia. Tulikaa duara chini ya ukuta, wanawake tisa na kaka, tukaipiga sufu ile mpaka ikafunguka na kuwa nyepesi kama povu. Vumbi lilipanda juu ya vichwa vyetu, tukawa tunakohoa na kucheka. Mimi nilipewa fimbo nikakaa mkono wa kulia wa Baljid, na kila nikichelewa pigo ananisukuma kwa kiwiko.

"Piga, wifi. Huku hakuna kukaa kwenye kiti na kufumba jicho moja."

"Wewe piga taratibu, utaamsha wafu."

"Wafu nimeolewa nao, hawaamki."

Kaka akatikisa kichwa, lakini alikuwa anatabasamu.

Kisha wakatandika sufu mama. Ni ile aliyoshindilia mama yetu mwaka niliozaliwa mimi, nzito, imekuwa ya kijivu, pembeni imechanika. Juu yake ndipo sufu mpya hutandazwa, ikanyunyiziwa maji, zikaviringishwa pamoja, zikafungwa kwa kamba za ngozi na kukokotwa na ngamia huku na huku mpaka mpya ishikane. Inapofunguliwa, mpya inabanduka kwenye sufu mama, nayo huitwa binti. Kaka mwenyewe ndiye aliyemwaga maziwa ya farasi na kuibariki: iwe nyeupe kama kauri, ngumu kama mfupa. Alipofika mahali pa kusema ikae miaka mingi juu ya nyumba hii, sauti ilimkatika akasingizia vumbi.

Nimechoka mikono yote miwili. Sijapata siku njema kama hii tangu mama afariki.

Jumatatu, Septemba 9

Nimebadilisha ngoma. Kesho nitasoma.

Jumanne, Septemba 10

Nimeikata tepi vipande saba, kipande kwa siku, nikapaka rangi, nikaanza. Jumatatu, sambamba. Jumanne, sambamba. Jumatano, chumvi kidogo. Alhamisi, chumvi. Nilianza kukata tamaa.

Ijumaa nikakuta pakanga mpaka nikaondoa jicho kwenye hadubini nikaangalia kama nimeweka kipande sahihi. Zilikuwa nyingi ajabu, zimejaa sehemu ya asubuhi, kisha adhuhuri zinapungua ghafla kama zilivyoanza. Nilijumlisha msimu mzima. Pakanga imeipita chumvi, tena kwa kiasi kikubwa kiasi kwamba juma lililobaki haliwezi kugeuza kitu. Bonde limepona. Kaka amepona.

Nikapiga kelele peke yangu. Nikamwaga chai. Nikachukua simu nimpigie Baljid, na nikiwa nimeshaibonyeza namba, kitu kikanivuta nirudi mezani.

Pakanga haiji hivyo. Ya upepo huja mojamoja, imetawanyika, imekuja toka mbali na imechoka. Hizi zilikuwa zimeshikana kwa mafungu, kumikumi, ishirini-ishirini. Na katikati yake kulikuwa na nyuzi. Nilikuza zaidi. Nyuzi zenye magamba madogo, hakuna mtu wa nchi hii asiyezijua.

Nilikata simu kabla haijaita mara ya pili.

Ni sufu. Ijumaa asubuhi, chini ya ukuta wangu, upande ambako upepo hutoka kuelekea chombo, kwa idhini yangu, tumepiga magunia ya sufu mpaka vumbi likapanda paani. Nimefanya kazi hii miaka kumi na saba, siruhusu hata jirani afuge kuku karibu na ule ukuta. Halafu nikakaa pale mwenyewe na fimbo, nacheka.

Jumatano, Septemba 11

Temuulen, mkuu wangu wa mkoani, kijana mpole anayenisalimu kwa heshima zote, amepiga simu kabla sijapiga mimi.

"Dada Norjmaa, vipi namba za Shar Tal? Mkuu wa mkoa ananiuliza kila siku."

Nikamweleza yote, sufu, nyuzi, mafungu.

"Kwa hiyo kwa jumla pakanga imezidi," akasema.

"Kwa jumla ya uongo."

"Dada, chombo kimenasa kilichokuwa hewani. Hujaongeza kitu. Hakuna mtu wa hapa anayetaka kuhamisha familia arobaini, gharama yake ni balaa. Ukiituma hivyo mimi nitaipokea hivyo. Ukiitoa hiyo Ijumaa, nitaipokea pia. Uamuzi ni wako, wewe ndiye unayesaini."

Upole wa namna hiyo ni mzigo. Angenikaripia ningejua la kufanya.

Alhamisi, Septemba 12

Kuna swali limenifuata tangu jana, nimekataa kuliuliza, leo limejiuliza lenyewe. Sufu hubeba chavua ya mahali mnyama alipolala na kula. Wanakondoo wa kaka wamelishwa Shar Tal, ndivyo asemavyo. Na Shar Tal kwa msimu wote chombo changu kimenionyesha chumvi, angalau nusu. Sasa pakanga yote ile imetoka wapi?

Niliokota fundo la sufu lililobaki chini ya ukuta, nikalisuuza kwenye bakuli, nikaweka tone kwenye kioo. Pakanga tupu. Chumvi nilipata punje chache za kutafuta.

Mahali pekee penye pakanga ya kiasi hicho ni mlimani, nyuma ya uzio wa hifadhi, ambako hairuhusiwi kupeleka hata mbuzi mmoja.

Kaka amekuwa akiwalisha mlimani. Ndiyo maana ya ile mikia mipana. Ndiyo maana wifi aliuchochea moto. Alisimama mbele ya watu akasema waulizeni kondoo wangu, na mimi kwa bahati mbaya nimewauliza.

Nimelia, nasema ukweli. Si kwa sababu ya mlima. Ni kwa sababu anajua. Amejua kabla yangu kwamba bonde limekufa, na amekuwa akinisubiri mimi niandike kwamba liko hai.

Jumamosi, Septemba 14

Nilimkuta kisimani kwake, ananywesha ngamia. Baljid alikuwa anakamua mbuzi hatua chache kutoka pale.

"Mmepokea vuli kwa amani? Mifugo imenona?"

"Kwa amani. Imenona."

"Imenonea wapi, kaka?"

Akaendelea kuvuta maji. Ndoo ilipofika juu akaimwaga birikani, akairudisha chini, akavuta tena.

"Nimeona sufu yako kwenye hadubini," nikasema. "Ina mlima mzima ndani yake."

"Wewe unalipwa mshahara kuhesabu vumbi, na bado unataka kuhesabu na sufu yangu."

"Na wewe umekula mlima wa watu, halafu unaniambia kondoo wanakula bonde."

"Ningewapeleka wapi?" Aligeuka, na macho yake yalikuwa mekundu. "Nilianza Juni. Huku hakuna kitu, Norjmaa. Kichaka cha chumvi, jiwe, kichaka cha chumvi. Wanakondoo walikuwa wanalamba ukuta wa zizi. Nikafungua waya wa uzio, nikawaingiza. Nikawa nawaingiza kila siku."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie ili uandike?"

Baljid aliacha kukamua, ila hakuinuka.

Nikamweleza kuhusu tepi. Kwamba sufu yake imeingia kwenye hesabu, kwamba kama nikiiacha, bonde linahesabika hai, anabaki. Nikamwona anavyopata pumzi. Alikaa chini kwenye ukingo wa birika kama mtu aliyetua mzigo.

"Basi iache," akasema.

"Kaka, ukibaki utakuwa umebaki na nini? Walinzi wa hifadhi wamekwisha uona uzio umefunguliwa, wataziba kabla ya theluji. Mkoa ukisema bonde lina malisho, hakuna atakayekuletea hata fungu moja la nyasi. Januari utawalisha nini?"

"Mungu yupo."

"Yupo. Na majira yale ya baridi alikuwepo, ulipoburuta mizoga mpaka kucha zikatoka."

Nilijua nimempiga pabaya. Alitoa kiko chake akakijaza, tumbaku ikamwagika.

"Miaka kumi," akasema baadaye, polepole. "Wanasema miaka kumi kama wanasema kesho kutwa. Mimi nitakuwa mzee wa kubebwa kwenye mkokoteni. Nani atarudi hapa? Wanangu wako mjini, wanauza simu. Zizi la babu litakuwa mawe ya kawaida. Wewe una kituo chako, utabaki hapa na paa lako. Mimi ndiye unayenifuta."

"Sikufuti."

"Ndugu wa damu, Norjmaa. Mara moja tu. Sikuombi uandike uongo, nakuomba usifute."

Nilisema nitafikiri. Nilipopita kwa Baljid alinishika mkono bila kuinua kichwa.

"Wifi," akanong'ona, "mimi ndiye ninayewachinja kondoo walioshindwa kusimama kwa njaa. Yeye hugeuka pembeni. Umenielewa?"

Nimemwelewa.

Jumapili, Septemba 15

Sikufanya chochote. Nimeosha madirisha.

Jumatatu, Septemba 16

Nimeshusha ngoma ya mwisho na kuisoma: chumvi mbele.

Nimeitoa ile Ijumaa. Nimeandika sababu bila kuzunguka: sufu ilipigwa chini ya chombo kwa ruhusa yangu, kosa ni langu. Bila Ijumaa, msimu ni wa chumvi, mwaka wa tatu. Sikuandika sufu ni ya nani wala wanakondoo wamelishwa wapi. Hilo chombo hakikuulizwa.

Nikasaini. Nikatuma. Temuulen amejibu, "Nimepokea, dada. Pole." Nimekwenda nikalala mchana kweupe, na viatu vyangu miguuni.

Jumatano, Septemba 18

Kaka amejua. Wote wamejua.

Alhamisi, Septemba 19

Dukani nilisalimia, nikajibiwa "kwa amani" na watu wawili waliokuwa wananipa mgongo.

Jumatatu, Septemba 23

Kaka hajaja wala kupiga simu. Nimepanda paa, chombo hakina ngoma, msimu umekwisha. Nimepanda kwa mazoea tu, na kwa sababu kutoka pale naona moshi wa hema lake.

Alhamisi, Septemba 26

Malori ya nyasi yamepita barabarani kuelekea kaskazini, manne, yamejazwa mpaka juu. Ni ya watu wa Shar Tal. Nimeyatazama mpaka yakapotea.

Jumamosi, Septemba 28

Asubuhi sikuona moshi. Nilijua wamebomoa hema, na nikajiambia kama hakuja kuniaga sitamlaumu. Nilikuwa nimeshamlaumu tayari, ndani kwa ndani, matusi yote.

Ngamia walitokea saa nne. Watano wamebeba mzigo, na juu ya mmoja ile sufu mpya, nyeupe, imekunjwa. Baljid alikuwa mbele na kondoo. Wamepungua, nusu wameuzwa. Kaka alishuka mlangoni kwangu, na mimi nikatoka na birika la chai ya maziwa, maana sikuwa na kitu kingine cha kufanya na mikono.

"Mmepokea vuli kwa amani?" nikauliza. "Mifugo imenona?"

Alifunga ngamia wake mlangoni.

"Hapana," akasema kaka yangu. "Haikunona."

Sijawahi kusikia mtu akijibu hivyo kabla ya bakuli la kwanza. Hata Baljid aligeuka kule alikokuwa. Nilimimina chai pembeni mwa bakuli, ikamwagika kwenye mchanga, na yeye akaushika mkono wangu, akaunyoosha, akanywa.

Kisha alikwenda kwa ngamia wa mwisho, akafungua kamba, akashusha gunia refu zito na kulibeba begani mpaka ndani ya nyumba yangu. Ilikuwa sufu mama.

"Mtashindilia juu ya nini huko?" nikamwuliza. "Mtaihitaji."

"Tutaazima ya watu. Hii imetokana na kondoo wa Shar Tal, wakati Shar Tal ilikuwa na kondoo. Binti anaolewa, anaondoka. Mama anabaki nyumbani." Alifuta mikono kwenye koti. "Bonde likiamka utakuwa wa kwanza kuliona kwenye kile kioo chako. Ukiliona, nipigie. Nikiwa hai nitakuja. Nisipokuwa hai, watakuja wale wauza simu."

"Na nikikupigia utaniamini?"

"Wewe?" akasema. "Wewe ulinihamisha mimi, kaka yako. Nani mwingine nitamwamini?"

Wakaondoka. Baljid, kwa mbali, bila kugeuka, aliinua fimbo ya kupigia sufu juu ya kichwa chake. Nikaingia ndani kabla hawajapotea. Sikuweza kuwatazama mpaka mwisho.

Jumatatu, Septemba 30

Jana nilitaka kuitandika sufu mama uani ipate jua, inanuka moshi wa nyumba ya mama. Nilikuwa nimeshaibeba mpaka mlangoni. Nikakumbuka chombo. Hakivuti kitu sasa, msimu umefungwa, ngoma iko kabatini. Hata hivyo nimeirudisha ndani. Nimeifunga kwenye nailoni, mikunjo mitatu, nikaiweka chini ya kitanda changu, mbali na paa na mbali na upepo.

Pakanga itakayonifanya nimpigie kaka lazima iwe imetoka bondeni, si kwenye sufu.